Shoti ya keshia na chama cha wafanyakazi: wenye supamaketi wanaogopa nini hasa?

Huku Mbeya, kuanzia Mwanjelwa mpaka Kabwe, habari ya wafanyakazi wa supamaketi kujiunga na chama cha wafanyakazi imeanza kusikika, sio kwa kelele, ni vile wanaulizana tu usiku wakisubiri bajaji baada ya kufunga duka. Na jibu la haraka ninalolisikia kwa wenye maduka, na hata kwa baadhi ya wateja, ni kwamba duka sio kiwanda, vyama ni vya walimu, watu wa reli ya TAZARA na mashamba ya chai kule Mufindi, sasa mtu anayepanga sabuni kwenye shelfu anataka chama cha nini, si ataleta mgomo tu hapa. Nimeona nilipime hilo jibu maana wanaolitoa wana hoja zao, ila kuna upande ambao hausikilizwi kabisa, wa keshia anayekatwa mshahara kwa sababu ya shoti, yaani pesa iliyopungua kwenye droo yake.

Nianze na mwenye duka, hoja zake sio za kupuuza. Faida ya supamaketi ni nyembamba, kwenye sukari, unga na mafuta ya kula anapata kidogo mno, anategemea vitu vizunguke haraka, halafu kuna kodi ya fremu, umeme wa mafriji, dizeli ya jenereta, bidhaa zinazoexpaya kwenye shelfu, na wizi upo kweli, wa wateja na wa ndani pia. Nje ya mlango machinga anauza dawa ya meno ileile kwa bei ya chini bila hata moja ya gharama hizo. Na majina makubwa yameshindwa nchi hii, Shoprite waliuza maduka yao kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi wakafunga 2015, Nakumatt wenyewe wakaanguka muda sio mrefu baadaye. Sasa mtu mwenye supamaketi moja ya familia ukimwambia kuna mtu wa nje anakuja kukaa naye mezani kupanga mambo ya dukani kwake lazima ashtuke.

Kuna hoja nyingine ambayo mtu wa Dar hawezi kuielewa vizuri ila sisi wa nyanda za juu tunaijua. Biashara nyingi huku zimejengwa kwa kijana kuletwa kutoka kijijini, Makete, Ludewa, Rungwe, anakaa kwa mjomba au kwa mtu wa kwao, anakula pale, analala pale, anajifunza biashara, na baada ya miaka kadhaa anapewa mtaji naye anafungua la kwake. Wakinga wamesifika kwa utaratibu huu na umezaa wafanyabiashara wengi sana. Mwenye duka aliyepita njia hiyo akiambiwa habari za chama anaona anatukanwa, anasema hawa ni watoto wangu mimi nawalea. Namwelewa kabisa.

Ila tuwe wakweli, supamaketi yenye watu thelathini, shifti mbili, kamera kila kona na mashine za barkodi sio tena duka la mjomba. Yule binti wa kaunta hakuletwa na ndugu, aliacha barua na picha mbili ya pasipoti, na hakuna aliyemwahidi mtaji. Kilichobaki kwenye ule utaratibu wa zamani ni ile sehemu ya kutii tu, ile ya kupewa mtaji imeshatoka.

Sasa njoo kwenye kaunta yenyewe, saa tatu usiku wakati wa kufunga hesabu, maana hapa ndipo kwenye shida na watu wa nje hawaioni. Mashine inasema mauzo ya taslimu ni 1,840,000, droo ukihesabu ina 1,827,500. Supavaiza anatoa daftari, anaandika jina la keshia na mbele yake shoti 12,500, keshia anasaini, taa zinazimwa. Hakuna anayeuliza hiyo 12,500 imeendaje. Na zipo njia nyingi za kwenda bila keshia kuiba hata shilingi: alienda chooni akakaa mwenzake kwenye droo ileile, lebo ya kwenye shelfu inasema 3,500 mashine inasoma 3,800 mteja akagoma kuongeza na foleni imefika kwenye friji za maziwa, chenji za 50 na 100 hakuna akawa anazidisha kurudisha, au mteja kaonyesha meseji ya malipo ya simu ambayo ni ya kughushi. Mwisho wa mwezi zile shoti zinajumlishwa na kukatwa zote kwa mpigo. Namjua keshia mmoja ambaye mshahara wake ni 180,000 na kuna mwezi alienda nyumbani na 88,000, ana mtoto wa darasa la pili.

Halafu kuna ile ya stoo, ambayo mimi naiona mbaya zaidi. Wakihesabu mzigo ukapungua, upungufu unagawanywa kwa wafanyakazi wote, hadi yule wa kufagia na yule wa kupakia mifuko. Mwenye duka anaona ni haki maana wote walikuwepo. Lakini hebu fikiria vizuri, kama katika watu ishirini mmoja ndiye aliyetoa katoni kumi za mafuta kwa mlango wa nyuma, yeye analipa sehemu moja ya ishirini ya alichoiba na waaminifu kumi na tisa wanamlipia iliyobaki! Kwa utaratibu huo mwizi anapata faida kila mwezi, na mwenye duka hana haraka ya kumtafuta kwa sababu pesa yake imesharudi.

Sheria imeshalisemea hili muda mrefu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi kufidia hasara pale tu hasara imetokea kazini kwa kosa la huyo mfanyakazi mwenyewe, mwajiri ameandika sababu, kiasi na jinsi alivyokokotoa, amempa nafasi ya kubisha, kiasi hakizidi hasara halisi, na makato hayo hayazidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mtu wa 180,000 robo yake ni 45,000. Yule dada alikatwa 92,000, yaani zaidi ya mara mbili ya mwisho wa sheria, bila karatasi, bila kuulizwa. Na kumkata mtu wa kufagia kwa mafuta yaliyopotea stoo hakuna mlango wowote kwenye kifungu hicho.

Hapo ndipo watu wanauliza, kama sheria ipo chama cha nini? Ni kwamba hakuna keshia atakayesimama saa tatu usiku mbele ya bosi peke yake akataje kifungu cha 28. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumgusi mtu ambaye hajamaliza miezi sita kwa mwajiri yuleyule, na maduka mengi watu wanazungushwa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu au hawana karatasi kabisa. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoamua migogoro ya kazi, ipo hapahapa Mbeya lakini mtu anaenda kule akiwa ameshafukuzwa. Mwakilishi wa chama kazini yeye anaongea mtu akiwa bado ana kazi, na sheria inamtambua, anaweza kumsimamia mwenzake kwenye malalamiko na kwenye kikao cha nidhamu.

Watu wengi wanaamini pia kwamba duka dogo haliwezi kuwa na chama kwa sababu eti lazima wawe watu ishirini. Ishirini ni kwa kuanzisha chama kipya. Kujiunga na kilichopo, na kwa sekta ya biashara kipo TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, tangu 1995, hata mkiwa watano mnajiunga, na wanachama kuanzia mmoja hadi tisa wana haki ya mwakilishi mmoja. Na ule mgomo wanaouogopa sio kitu cha kuamka asubuhi na kufunga geti, ni mpaka usuluhishi ushindikane, chama kipigishe kura na wengi wakubali, halafu mwajiri apewe notisi ya saa 48. Kwa kweli mwenye duka ana hatari kubwa zaidi ya watu wake watatu kuacha kazi siku moja mwezi wa kumi na mbili bila kusema neno, na hilo linatokea kila mwaka.

Vyama navyo vina lao, siwezi kuficha. Malalamiko ya wanachama sehemu nyingi nchini ni kwamba ukishajaza fomu makato yanakwenda kila mwezi, walimu kwa miaka mingi wamekuwa wakikatwa asilimia 2, halafu kiongozi unamwona Mei Mosi akigawa tisheti na kofia. Keshia wa mshahara mdogo hawezi kulipia kofia. Chama kikitaka watu wa supamaketi lazima afisa wake afike dukani usiku ule wa kufunga hesabu, asikae ofisini akisubiri fomu zije. Mwanachama naye ajue anaweza kusimamisha makato hayo kwa notisi ya mwezi mmoja ya maandishi.

Na kuna hofu ambayo siwezi kuipuuza, ya duka kufungwa. Ilitokea Kanada, mji wa Jonquière jimbo la Quebec, wafanyakazi wa Walmart, kampuni ya supamaketi ya Marekani, walipata chama 2004 na mwaka uliofuata kampuni ikafunga duka lile. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikuja kusema mwaka 2014 kwamba kampuni ilivunja sheria ya kazi ya Quebec, lakini duka lilikuwa limeshafungwa miaka tisa. Hiyo ni hasara ya kweli. Ila Walmart walikuwa na maduka maelfu mengine, mwenye supamaketi wa Mbeya au Iringa mtaji wake wote uko kwenye hilo moja, hafungi kwa hasira.

Mwajiri mmoja aliniambia wakianza na shoti leo kesho watadai mshahara. Ni kweli watadai. Kima cha chini cha mshahara kwa sekta ya biashara kilikuwa 115,000 kwa amri ya mwaka 2013 kikakaa hivyo mpaka Januari 2023 kilipofika 150,000, yaani karibu miaka kumi kwa nyongeza ya 35,000, na Januari 2026 vima vya sekta binafsi vikapandishwa tena. Hiyo 150,000 ya 2023 ukiigawa kwa siku 26 za kazi ilikuwa haifiki 5,800 kwa siku, toa nauli ya kutoka Uyole na kurudi, toa chakula cha mchana, na kwa wengi siku yenyewe ni saa kumi na mbili wakati sheria inasema tisa na zaidi ya hapo ni ovataimu ya mara moja na nusu. Kwa hiyo watauliza, na wakiwa wamejiunga zaidi ya nusu yao, chama kikimpa mwajiri notisi ana siku 30 za kukaa nao. Kwenye kikao hicho afungue vitabu awaonyeshe sukari inamwachia kiasi gani na dizeli inakula kiasi gani. Kama nyongeza haipo waione haipo, wahamie kwenye mambo yasiyo na gharama: droo moja keshia mmoja, kuhesabiana wakati wa kupokezana, karatasi ya shoti yenye sehemu ya keshia kuandika maelezo yake, na kiti nyuma ya kaunta.