Euro 56 zinazobaki Paris

Mtu akinunua mkoba wa euro 1,200 kwenye duka la kifahari la avenue Montaigne, euro 200 kati ya hizo si bei ya mkoba. Ni TVA, kodi ya ongezeko la thamani ya Ufaransa, asilimia 20, ambayo tayari imo ndani ya bei iliyobandikwa. Mgeni anayeondoka na mkoba huo kwenda Dar es Salaam, Nairobi au Muscat hapaswi kuibeba kodi hiyo, na sheria ya Ufaransa yenyewe inakubali. Lakini akishajaza fomu, akapanga foleni uwanja wa ndege na kupitisha karatasi yake kwenye mashine, kinachomrudia mara nyingi ni kama euro 144. Zile 56 zimeishia njiani, na dukani hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba zitaishia huko.

Hizo 56 ndizo zinazonikera.

Tuanze na haki yenyewe, maana wengi wetu huiona kama fadhila ya mwenye duka. Ufaransa ndiko TVA ilikozaliwa, mwaka 1954, kwa fikra za ofisa wa kodi aitwaye Maurice Lauré. Kenya iliingia kwenye mfumo huu mwaka 1990, Tanzania Bara mwaka 1998. Kokote ulikofika, msingi wake ni mmoja: kodi hii humwangukia mlaji, na hutozwa pale bidhaa inapotumika. Ndiyo maana kahawa ya Moshi inayopakiwa kwenda nje haitozwi VAT ya Tanzania. Anayeinywa yuko Ulaya, na kodi ya unywaji wake itatozwa hukohuko. Mgeni anayetoka Paris na mkoba begani ni msafirishaji wa bidhaa nje, tofauti yake na yule wa kahawa ni ukubwa wa mzigo tu. Wafaransa wanaita utaratibu huu détaxe, na kuudai si kuomba punguzo.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona jinsi tunavyonywea ndani ya maduka yale. Mlangoni kuna mlinzi aliyevaa suti, ndani kuna kimya, na muuzaji amevaa glavu kukushikia kitu ambacho umekwisha kuamua kukinunua kwa pesa yako. Shangazi yangu, mwanamke aliyefanya biashara ya vitenge maisha yake yote na asiyetishwa na mtu yeyote Kariakoo, alilipia saa ya mkononi kwenye duka moja la namna hiyo kisha akanivuta mkono twende. Nikamwambia, "Shangazi, bado fomu ya kodi." Akajibu, "Tusiwasumbue, mwanangu, wana wateja wengine." Tukarudi, tukaomba, wakatoa. Ilichukua dakika chache. Pasipoti ilitosha.

Masharti si mengi. Uwe na umri wa miaka 16 au zaidi, uwe unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, na safari yako Ufaransa iwe chini ya miezi sita. Kinachoangaliwa ni makazi, si uraia: Mtanzania anayeishi Lyon hana haki hiyo, na Mfaransa aliyehamia Zanzibar anayo, ilimradi athibitishe anakoishi. Ununuzi wako kwa muuzaji mmoja, ndani ya siku tatu, uzidi euro 100. Kiwango hicho kilikuwa euro 175 hadi mwisho wa mwaka 2020, kikashushwa. Hispania waliondoa kiwango cha chini kabisa mwaka 2018, na Italia waliteremsha chao hadi kiasi cha euro 70 mwezi Februari 2024. Hoteli na chakula cha mgahawani havimo, kwa kuwa hivyo umevitumia hukohuko.

Sasa turudi kwenye 56. Kisheria anayekurudishia kodi ni duka. Ila maduka makubwa mengi yamekabidhi kazi hiyo kwa kampuni za kati. Majina utakayoyaona zaidi kwenye bahasha na kwenye kaunta ni Global Blue, iliyoanzia Uswidi mwaka 1980, na Planet. Kampuni hizi hukata ujira wao ndani ya kodi yako, na sehemu ya makato hurudi kwa duka lililokuuzia. Sina ugomvi na mtu kulipwa kwa kazi yake. Ninachopinga ni kiasi, na jinsi kinavyofichika ndani ya asilimia.

Angalia hesabu inavyokwenda. Kodi ni asilimia 20, lakini ni ya bei kabla ya kodi. Ukiipima kwa bei uliyolipa inakuwa asilimia 16.67. Muuzaji anakwambia, "Utarudishiwa asilimia 12," na asilimia hiyo 12 ni ya bei uliyolipa. Mteja anayesikia 12 hana namna ya kujua papo hapo kwamba haki yake kamili ilikuwa karibu 17. Wengine hufurahi wakidhani wamepewa zawadi. Kwenye mkoba wetu wa euro 1,200, euro 56 kati ya 200 ni asilimia 28 ya haki yako, zaidi ya robo. Chukua ununuzi wa euro 5,000, ambao kwa vito vya Place Vendôme ni kiasi kidogo: kodi ni euro 833, marejesho kwa kiwango hichohicho ni 600, na 233 zimekwenda. Fomu ni ileile na mashine ya forodha ni ileile. Hakuna kazi ya ziada iliyofanyika kustahili hizo 233.

Wanaoutetea mfumo huu husema kampuni za kati zinarahisisha mambo. Enzi za karatasi na bahasha za posta hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini tangu mwaka 2014 fomu za Ufaransa ni za kielektroniki. Duka linaiingiza kwenye mfumo, msafiri anasogeza msimbo wa fomu yake mbele ya mashine iitwayo PABLO, skrini inakuwa ya kijani, na forodha imekwisha kuthibitisha. Serikali tayari inajua nani amenunua nini, kwa kiasi gani, na ameondoka lini. Kwa nini isiweke njia ya kumlipa msafiri moja kwa moja kwenye kadi yake, kwa ada ndogo isiyobadilika? Na kama hilo ni zito, basi walau sheria ilazimishe muuzaji aseme kwa euro, kabla ya malipo: kodi yako ni 200, utapata 144, zinazokatwa ni 56. Mteja akijua hayo ataamua mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha. Duka la Ufaransa halilazimiki kutoa huduma ya détaxe. Ni hiari. Matokeo yake, fundi wa ngozi mwenye kijiduka mtaa wa Marais, anayeshona mikoba kwa mikono yake, mara nyingi haitoi, kwa sababu hana mtu wa kushughulikia fomu. Maduka ya ghorofa ya boulevard Haussmann, Galeries Lafayette na Printemps, yana kaunta nzima za kazi hiyo, na ukinunua manukato ghorofa hii na shati ghorofa ile unaweza kuyajumlisha ufikie kiwango. Kwa hiyo kanuni inayopaswa kumhudumia kila mgeni inamsukuma kwenye mitaa ileile mitano sita ya majina makubwa: Montaigne, Faubourg Saint-Honoré, Champs-Élysées. Anayetaka kununua kitu kizuri cha euro 150 kwa fundi asiyejulikana anaubeba mzigo wa kodi yote. Hili linaniuma kuliko hata makato.

Watu wetu wengi huenda London kuliko Paris, na hapo lazima niseme wazi: London hakuna marejesho tena. Uingereza ilipotoka kwenye soko la Ulaya iliufuta mpango huo kuanzia tarehe 1 Januari 2021, isipokuwa Ireland ya Kaskazini. Septemba 2022 waziri wa fedha Kwasi Kwarteng alitangaza utarudi, na mwezi uliofuata Jeremy Hunt, aliyeshika nafasi yake, akalifuta tangazo hilo. Kodi yao nayo ni asilimia 20, na mgeni anayenunua Bond Street akabeba mwenyewe anailipa yote. Wafanyabiashara wa London wamelalamika sana, na nawaelewa. Pia kuna upande wa pili wa jambo hili: ndugu zetu wanaoishi Leicester au Reading sasa wanahesabiwa kama wageni wakiwa Paris, na mashine za PABLO zipo Gare du Nord kwa wanaorudi na treni ya Eurostar.

Uwanja wa Charles de Gaulle ndiko wengi hupoteza kila kitu. Wanakabidhi begi kwanza, halafu wanakwenda kuthibitisha fomu. Mashine ikikataa, ofisa wa forodha ana haki ya kutaka kuona bidhaa, na bidhaa imekwisha kwenda kwenye ndege. Pitia forodha kabla ya kukabidhi mzigo. Na fahamu kwamba uthibitisho hutolewa pale unapotoka Umoja wa Ulaya. Ukipitia Istanbul, Doha, Addis Ababa au hata Zurich, mlango wako wa kutokea ni Paris. Ukiunganisha Amsterdam au Brussels, vitu vya mkononi huthibitishwa huko, kwa hiyo waulize forodha mapema, ukiwa bado na begi lako. Muda upo wa kutosha: ulichonunua Julai kinaweza kuthibitishwa hadi mwisho wa Oktoba. Fomu isiyothibitishwa haina thamani. Na aliyechukua fedha taslimu mjini kabla ya kusafiri, akiacha namba ya kadi kama dhamana, atakatwa fedha hizo kwenye kadi asipothibitisha.

Kwenye dirisha la fedha, chagua kurudishiwa kwenye kadi ya benki, kwa euro. Taslimu huwa na makato zaidi, na ukikubali wakubadilishie hapohapo kwa dola au shilingi, utaongeza mkataji mwingine kwenye foleni.

Kuna ombi ambalo kila anayekwenda Paris hulipata. Jamaa anayeishi Ufaransa anakwambia, "Kaka, nina pesa yangu, nataka mkoba, ila tutumie pasipoti yako tupate kodi." Mnanunua, mnathibitisha, kisha mkoba unabaki kwake. Huo ni udanganyifu wa forodha, na mwenye kosa kwenye karatasi ni wewe, kwa sababu jina ni lako. Mkataeni kwa upole lakini mkataeni. Kila mgeni anayekamatwa kwa jambo hili anamfanya ofisa amwangalie kwa shaka yule atakayefuata mwenye pasipoti kama yake, na mimi sitaki shangazi yangu aulizwe maswali ya mtu mwingine.

Mwisho kuna forodha ya nyumbani, ambayo waandishi wa mambo ya ununuzi huiruka kabisa. Kama kodi hulipwa pale bidhaa inapotumika, basi mkoba uliotolewa kodi Paris unakuja kutumika Masaki au Kilimani, na huko nako kuna kodi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, msamaha wa vitu vya msafiri anayerejea ulikuwa dola 500 mwaka 2023. Wakenya wanakumbuka kelele za Novemba 2023, mamlaka ya mapato ilipowakumbusha kiwango hicho na watu wakasimulia jinsi mabegi yao yanavyopekuliwa Jomo Kenyatta. Niliwaunga mkono waliosema kiwango hicho ni kidogo mno kwa bei za leo, kwani kuwapekua watu nguo zao za ndani kwa sababu ya viatu viwili ni kuwadhalilisha. Lakini mkoba wa euro 1,200 si viatu viwili. Siwezi kuwadai Wafaransa euro 56 kwa hoja kwamba kodi ni ya mahali bidhaa inapotumika, kisha nikauviringisha mkoba uleule ndani ya kanga nikifika Julius Nyerere.

Kwa hiyo piga hesabu zote mbili kabla ya kuingia dukani, ya kule na ya huku. Mara nyingine utakuta nafuu uliyoifuata Paris inamezwa na ushuru wa nyumbani, na kwamba mkoba huo ununuliwe kwa sababu unaupenda, si kwa sababu ya fomu. Ukiamua kununua, muulize muuzaji swali hili kabla hujatoa kadi: kodi iliyomo ni euro ngapi, na nitarudishiwa euro ngapi? Mwache akuandikie namba zote mbili kwenye karatasi.