Kumbe Yako Chini ya Msuli

Wiki iliyopita nilimsindikiza shoga yangu kwa daktari, na tangu siku hiyo nina hasira ambayo imekosa pa kwenda. Basi ije hapa.

Shoga yangu ni msusi. Kutwa nzima mikono iko juu, vidole vinavuta, mabega yanafanya kazi. Miaka sita iliyopita aliweka vipandikizi vya matiti, vile vifuko vinavyowekwa ndani kukuza titi. Kwa nini aliweka ni shauri lake, na anayetaka kulijadili hilo atafute baraza jingine. Alipona vizuri, alifurahi, na mimi nilifurahi naye. Hadi siku moja mteja aliyekaa mbele ya kioo kile kikubwa cha saluni alipomuuliza, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Dada, mbona kifua chako kinacheza?"

Kinacheza kweli. Nimeona kwa macho yangu. Alifunga mlango wa chumba cha nyuma, akavua blauzi, akakutanisha viganja mbele ya kifua kama anayesali, akabana. Matiti yote mawili yalipanda na kukimbilia makwapani, na chini, pale yalipokuwa yamekaa, ukatokea mkunjo kama wa shuka lililovutwa upande mmoja. Akaachia, yakashuka. Akabana tena, yakapanda tena. Alikuwa anacheka. "Nikianza kusuka karibu na paji la uso," akaniambia, "hili la kulia linainuka kumsalimia mteja."

Alirudi kwa aliyemfanyia. Akaambiwa ni kawaida. Akarudi mwaka uliofuata, akaambiwa ni kawaida. Sasa mimi nauliza, neno "kawaida" hapo linamaanisha nini? Mvua kunyesha ni kawaida pia, lakini watu huambiwa wabebe mwavuli.

Huyu wa wiki iliyopita ni daktari mwingine. Alimkagua, akamwambia abane, akatikisa kichwa, kisha akachukua karatasi na kuchora: mstari wa mbavu, juu yake mstari wa msuli, na katikati duara. "Yako yamewekwa chini ya msuli," akasema. "Kwani hukuambiwa?"

Shoga yangu alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwepo. Miaka sita amelala nayo, ameoga nayo, amesukia watu nayo, na hakuwahi kujua yamekaa wapi. Alijua ukubwa, kwa sababu ukubwa walijadili hadi koo likakauka. Alijua kovu litakaa wapi. Alijua asibebe kitu kizito kwa muda gani. Mahali pa kukaa kipandikizi, jambo ambalo ndilo lililoamua maisha ya kifua chake kwa miaka yote hiyo, lilipita kimyakimya kama jambo la fundi na fundi.

Hapo ndipo ninapogombania. Mengine nitayagusa tu.

Mahali pa kukaa kipandikizi ni kadhaa, lakini kwa lugha ya nyumbani ni pawili: juu ya msuli mkubwa wa kifua, yaani nyuma ya titi lenyewe, au chini ya msuli huo. Vipandikizi vya mwanzo vya silikoni, vilivyowekwa Houston, Marekani, mwaka 1962 na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow, vilikaa juu ya msuli. (Mwanamke wa kwanza kuwekewa, Timmie Jean Lindsey, alikwenda hospitali kufutiwa tatuu. Walipomuuliza kama angependa matiti makubwa, alisema yeye shida yake ni masikio, yamechomoza. Wakakubali kumrekebisha na masikio. Yaani biashara hii tangu siku yake ya kwanza mwanamke ameingia akitaka hili na kutoka na lile.) Baadaye madaktari wakaanza kushuka chini ya msuli, na mwaka 2001 daktari Mmarekani, John Tebbetts, akaeleza mtindo ambao bado unatumika sana: sehemu ya juu ya kipandikizi inafunikwa na msuli, ya chini inafunikwa na titi.

Sasa ili kipandikizi kiingie chini, kwa kawaida msuli hukatwa pale chini unaposhikana na mbavu. Msuli huu haukuumbwa uwe kifuniko. Unaanzia kwenye mfupa wa kifua, mbavu na mtulinga, unakwenda kujishikiza kwenye mfupa wa mkono wa juu, na kazi yake ni kusukuma, kukumbatia, kuvuta mkono uje mbele. Ukishaukata kule chini, ukingo wake hautulii ukingoja amri. Unaganda kwenye kovu na nyama ya titi. Kila mkono ukifanya kazi, msuli unajikunja, unaminya kipandikizi na kukivuta kuelekea juu na nje. Kwa wengine ni mtikisiko mdogo, wala hawaujali. Kwa anayepiga pushapu, anayeogelea, au anayesuka nywele saa nane kwa siku, ni maonyesho.

Je, ni siri? Si siri. Kila mpasuaji wa matiti anajua. Haya si matokeo ya bahati mbaya, ni matokeo ya jinsi mwili ulivyoungwa. Ndiyo maana nakasirika. Ingekuwa ni jambo lisilotabirika ningenyamaza. Lakini mtu anaulizwa kazi yake kwenye fomu, anaandika "msusi", na hakuna anayemwambia, "Dada, wewe unatumia kifua chako kazini, tukiweka chini ya msuli utaona hivi na hivi, tukiweka juu utaona vile, chagua ukijua." Dakika mbili. Muda wa kuchagua ukubwa ulikuwepo. Muda wa picha za kabla na baada ulikuwepo.

Na zile picha! Wote wamesimama mikono chini, mabega yamelegea, kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Nani anaishi hivyo? Nionyeshe mmoja anasukuma mlango mzito. Nionyeshe mmoja anainua mtoto.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba chini ya msuli hakukuchaguliwa kwa ukorofi. Mwili hutengeneza utando wa kovu kuzunguka kila kitu kigeni, na kwa baadhi ya wanawake utando ule hujibana mpaka titi linakuwa gumu, linauma, linapinda umbo. Chini ya msuli jambo hilo hutokea kwa uchache. Kwa mwembamba asiye na nyama ya kufunika, msuli huficha kingo na mikunjo ya kipandikizi ambayo vinginevyo ungeiona chini ya ngozi. Hata picha za mamografia, zile za kuchunguza saratani ya titi, huwa rahisi kidogo kupiga. Sababu ni za kweli. Mwambieni basi hizo sababu! Aliyeambiwa faida na hasara akachagua chini ya msuli, siku kifua kikicheza atasema, "Aa, hiki ndicho walichonieleza." Asiyeambiwa anadhani kimepasuka kitu. Shoga yangu mwezi mzima alilala chali bila kugeuka, akiogopa.

Haya, turudi kwa daktari na karatasi yake. Alisema linarekebishika: kuhamisha. Nilivyosikia neno "kuhamisha" nikaona kochi linatoka sebuleni kwenda chumbani. Sivyo. Ni nusukaputi tena. Wanafungua, mara nyingi kupitia kovu lile lile la zamani, wanatoa kipandikizi, wanaushughulikia ule utando wa kovu, wanauteremsha msuli na kuushona urudi ulikokatwa, halafu wanatengeneza mfuko mpya juu yake, chini ya titi. Kipandikizi kinachorudi mara nyingi ni kipya, pengine kidogo kuliko cha kwanza. Wakati mwingine wanaongeza wavu au kipande cha ngozi iliyoondolewa chembe hai zake, ya binadamu au ya mnyama, ili kushikilia na kufunika. Wakati mwingine wanachota mafuta tumboni au mapajani na kuyapanda kwenye titi kuficha kingo. Kisha mrija wa kutoa maji, sidiria ya kubana usiku na mchana, na wiki kadhaa za kutoinua mikono. Msusi, wiki kadhaa, mikono chini.

Na hapa kuna jambo lililonifanya nimuombe daktari arudie, kwa sababu sikuamini nimesikia sawasawa. Kipandikizi kikikaa miaka, kinaminya nyama iliyo juu yake na kuifanya iwe nyembamba. Kwa hiyo mwanamke anayehamishwa kutoka chini kwenda juu anakwenda juu akiwa na kifuniko kidogo kuliko alichokuwa nacho siku ya kwanza. Kama angeulizwa wakati ule, angekuwa na nyama zaidi ya kuchagulia. Sasa anachagua kwa kilichobaki. Atapona mchezo wa msuli, karibu kwa hakika, kwa sababu msuli haugusi tena kipandikizi. Lakini huenda akaanza kuona mikunjo akiinama, au kuhisi ukingo kwa kidole, na hatari ya ule ugumu inapanda. Anabadilisha shida moja kwa uwezekano wa shida nyingine, na upasuaji wa marudio wenyewe una matatizo mengi kuliko ule wa kwanza. Hiyo ndiyo bei ya dakika mbili.

Wapo wanaohama upande wa pili pia, kutoka juu kwenda chini, kwa sababu ya ugumu au mikunjo inayoonekana. Ukiwasikiliza hadithi ni ile ile, imegeuzwa tu. Nao waliambiwa "juu ni rahisi, utapona haraka."

Halafu wapo ambao hawakuamka siku moja wakataka kifua kikubwa. Wametoka kwenye saratani, titi limeondolewa, wakawekewa kipandikizi chini ya msuli kwa sababu kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa desturi ya kuwajenga upya. Kwao nyama ya titi haipo kabisa, kati ya ngozi na msuli hakuna kitu, kwa hiyo msuli ukijikunja kila kitu kinaonekana, na wengine wanahisi kubanwa muda wote kama waliovaa mkanda. Madaktari wengi siku hizi wanawawekea juu ya msuli tangu mwanzo, na waliowekewa chini zamani wanarudi kuhamishwa. Mtu huyu akilalamika anaambiwa ashukuru yuko hai. Anashukuru. Anaweza kushukuru na bado akataka kukumbatia wanawe bila kifua kumkimbia.

Kuna watakaosema amejitakia. Wamesema, mbele yake, ndugu zake wa damu. Sawa, alitaka matiti. Kutaka matiti ni kutaka kufichwa habari?

Marekani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, FDA, iliamua Oktoba 2021 kwamba vipandikizi hivi vibebe onyo zito kabisa, lile linalozungushiwa mstari wa kisanduku kwenye maelezo ya kifaa, na kwamba viuzwe tu kwa madaktari wanaopitia na mgonjwa orodha ya mambo ya kuamua, anasoma, anaweka saini. Mamlaka hiyo hiyo inasema wazi kwamba hivi si vifaa vya kudumu maisha, na kwamba hadi mwanamke 1 kati ya 5 waliokuza matiti huishia kuvitoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Ilichukua takriban miaka 60 tangu Houston kufika hapo. Napenda orodha, lakini naijua pia saini ya mtu aliyekwisha kulipa, yuko kwenye gauni la hospitali linalofungwa nyuma, ameambiwa chumba kinamsubiri. Mtu huyo atatia saini hata hati ya kuuza nyumba.

Tulipotoka kwa daktari, shoga yangu alipekua pochi akatoa ile kadi aliyopewa baada ya upasuaji wa kwanza. Ilikuwa na namba ya kipandikizi cha kushoto, namba ya cha kulia, ujazo, jina la mtengenezaji, tarehe. Tuliigeuza nyuma. Tupu. Daktari mpya anataka ripoti ya upasuaji ili ajue msuli ulikatwa wapi na kwa kiasi gani, kwa hiyo tumepiga simu kule alikofanyiwa. Wametuambia aandike barua ya maombi. Ameandika. Wamesema barua haina tarehe. Ameandika nyingine.

Hajaamua kama atahamisha. Nimemwambia asiharakishwe na mtu, mimi nikiwemo. Siku fulani anasema potelea mbali, ameshazoea. Siku nyingine ananipigia saa tano usiku kuuliza kama nakumbuka daktari alisemaje kuhusu mafuta ya tumboni.

Jana nilikwenda anisuke. Niliingia nikaelekea kiti changu cha siku zote, nikakuta kimegeuzwa. Viti vyote vitatu vimegeuzwa, mteja anakaa akitazama ukuta, kioo kiko mgongoni. Ukishamaliza kusukwa anakupa kioo kidogo cha mkononi ujitazame. Nikamuuliza lini alibadilisha.

"Mbona kitambo," akasema, akaanza kunichambua nywele. "Inamisha kichwa."