Zamu ya Mjomba

Siku hiyo dada yangu aliniachia binti yake wa miaka minne, mdogo wake wa kiume ambaye hata mitatu hajafikisha, na boksi la kadi za picha. "Wakianza kugombana, cheza nao kutafuta pacha," akasema huku keshavaa viatu. "Anza na jozi nne tu. Na huyu mdogo mpangie picha zikiwa zinaonekana, usimfunikie."

Jozi nne! Mtu mzima na akili zake apange kadi nane sakafuni? Boksi limeandikwa kadi 24. Nilipohesabu nikapata 22, nikasema sawa, jozi 11, hapo ndipo panaanza kunoga. Nikazichanganya vizuri, nikazifunika, nikapanga safu nne za kadi tano tano na mbili zilizobaki nikaziweka pembeni.

Mchezo wenyewe hauna mambo mengi. Zamu yako ikifika unafunua kadi mbili. Zikiwa na picha moja, unazichukua na unacheza tena. Zikitofautiana, unazifunika palepale ulipozikuta, mwenzako naye ajaribu. Kadi zikiisha sakafuni, mwenye jozi nyingi ndiye bingwa. Mtoto wa miaka minne anaelewa mara moja. Wa miaka miwili na ushee anaelewa kila kitu isipokuwa neno "funika".

Yule mdogo alifunua ya kwanza: samaki. Akacheka. Akafunua ya pili: mwavuli. Nikamwambia, "Haya, hazifanani, zifunike." Mwavuli akaufunika bila shida. Samaki akamkumbatia.

"Mrudishe samaki, baba."

"Wangu."

"Utampata baadaye, ukishamwona pacha wake."

"Wangu!"

Mdomo ukaanza kutetemeka, na mimi naijua ile dalili. Nikajifanya sijaona, nikasema zamu inayofuata. Nilidhani atamchoka tu, amtupe.

Zamu yangu nikafunua kofia na kijiko. Si ajabu. Kadi 22 zikiwa zimefunikwa na hujui lolote, ukishafunua moja una nafasi moja kati ya 21 ya kumpata mwenzake. Mwanzoni hakuna fundi, kuna bahati. Ufundi unakuja baadaye, kadi zikishafunuliwa funuliwa, na mimi nilikuwa na mbinu yangu. Nilizisoma kimoyomoyo: safu ya kwanza, kadi ya tatu, mwavuli, safu ya pili, kadi ya tano, jogoo. Nikatulia, nikangoja mavuno.

Mpwa wangu hakuwa na safu wala hesabu. Alikuwa ananyoosha mkono tu. Jogoo, jogoo. Nyota, nyota. Kofia, kofia, hizo nilizifunua mwenyewe! "Mjomba, hapo si tulishaona?" akaniuliza kwa huruma. "Wewe huangalii?"

Mbinu yangu ingefanya kazi kama yule mdogo asingekatiza katikati ya uwanja kama lori lililokatika breki, samaki kwapani. Alipomaliza kupita, safu ya kwanza ilikuwa imeingia kwenye ya tatu, na kadi mbili zilikuwa zimepanda juu ya zenzake. Kichwani mwangu mwavuli ulikuwa bado safu ya kwanza. Sakafuni palikuwa hakuna safu ya kwanza.

Kilichonishangaza ni kwamba dada yake hakutetereka. Kadi zimehama, yeye anaendelea kuokota pacha. Ikabidi niulize.

"Umejuaje hiyo ni boti?"

"Si ina rangi ya bluu hapa."

Nikainama. Kweli, mgongoni kuna mstari mwembamba wa kalamu ya rangi, urefu wa kucha. Nikaanza kukagua kadi moja moja. Moja imekunjwa kona. Nyingine ina duara la maji yaliyokauka. Nyingine ina alama za meno mawili ya juu na mawili ya chini, safi kabisa.

"Na hii?"

"Hiyo ni kuku. Aliing'ata alipokuwa anaota meno."

Mchezo mzima umesimama juu ya migongo kufanana, na hapa kila mgongo una wasifu wake. Watu husema watoto wanatushinda mchezo huu kwa sababu kumbukumbu zao ni kali. Huenda. Mimi nasema kabla hujawasifu, zigeuze kadi kwanza.

Jozi moja niliipata. Nilifunua kijiko, nikawa nababaika wapi pa kuweka mkono, mpwa wangu akanigusa kiwiko akanielekeza kwa kidevu. Nikaichukua. Aliyezama haulizi kamba imetoka wapi.

Mwisho ikabaki kadi moja sakafuni, samaki, hana mwenzake. Nikamgeukia yule mdogo. Mikono mitupu.

"Samaki yuko wapi?"

Akaonyesha kabati.

Lile kabati liko karibu na sakafu kiasi kwamba upenyo wake unapitisha mkono wa mtu mmoja asiyevuta pumzi. Nikalala kifudifudi, shavu sakafuni, nikaingiza mkono mpaka kiwikoni. Vumbi. Kifuniko cha kalamu. Kisha ncha za vidole zikagusa kitu chembamba, chenye kona. Kadi! Nikaibana kwa vidole viwili, nikavuta, mkono ukagoma. Mkanda wa saa ulikuwa umenasa kwenye ubao wa chini. Nikivuta, kabati linalia. Nikisukuma, bega linalia.

Wajapani wa zamani walikuwa na mchezo wa namna hii wa makombe ya baharini, seti nzima makombe 360, na kila nusu inakubali nusu yake tu, nyingine yoyote haiingii. Nikiwa pale chini niliwafikiria hao watu kwa uchungu. Sijui makabati yao yalikuwaje.

Nyuma yangu wale wawili walishaanza mzunguko mwingine.

"Zamu ya mjomba!"

"Mjomba amenasa."

"Haya, nitamchezea."

Nikasikia kadi mbili zikifunuliwa, kimya kidogo, kisha: "Mjomba amekosa. Zamu yangu."

Dada aliporudi alinikuta hivyohivyo. Hakuuliza kama nimeumia. Alisimama mlangoni, akaangalia miguu yangu, akauliza watoto, "Nani anashinda?" Kisha akainua kabati kidogo, saa ikaachia, nikatoka na kadi mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Haikuwa samaki. Ilikuwa kasa.

"Kumbe alikuwa huko!" dada akasema. "Nimemtafuta kasa huyu mpaka nikachoka, pacha wake nikamtupa ili asibaki peke yake."

Wakati huohuo yule mdogo akainua mkono ili abebwe na mama yake, na samaki akadondoka kutoka kwapani, mzima, amelowa jasho kidogo. Dada yake akamwokota, akaenda kuchukua yule mwingine, akawaweka pamoja mbele ya mdogo wake. Kisha akaninyang'anya kasa, akamweka juu yao.

"Hesabu ya ule mchezo wa kwanza," akatangaza. "Mimi tisa. Mjomba moja. Mdogo wangu moja na nusu."

"Hiyo nusu ni yangu!" nikasema. "Kasa nimemtoa mimi, kwa mkono wangu!"

Akanitazama.

"Haikuwa zamu yako."