Programu za wavuvi zijengwe zikijua mtandao utakatika

Programu nyingi za simu wanazoletewa wavuvi wetu wa Tanga zimejengwa kana kwamba Tongoni na Kigombe ni ofisi yenye Wi-Fi. Mtandao ukikatika, kialama kinazunguka tu kwenye kioo, na hesabu ya samaki aliyoandika nahodha inapotea. Kisha tunaambiwa wavuvi hawapendi teknolojia. Kauli hiyo inaniudhi sana. Kosa ni la mjenzi.

Mawimbi ya redio yana tabia zake. Chukua GSM, ile 2G inayobeba simu za kitochi. Simu kadhaa hutumia masafa yaleyale ya redio kwa kupokezana zamu fupi mno. Aliye mbali, mawimbi yake huchelewa kufika mnarani na yanaweza kuingilia zamu ya mwenzake, kwa hiyo mnara huiamuru simu yake itume mapema kidogo. Amri hiyo ina ngazi 0 hadi 63, na kila ngazi hufidia takriban mita 550. Ngazi zikiisha, umefika kama kilomita 35. Kwa mpangilio wa kawaida wa mnara, mvuvi aliyepita hapo kuelekea Pemba anaweza kuona mtandao upo kwenye kioo na bado simu isiunganike. Si betri, wala si ushamba wake.

Intaneti nayo ina urithi wa nyaya. Mbinu za kuzuia msongamano za TCP, yaani kanuni za kusafirisha data kwenye intaneti, zilizokomaa baada ya kazi ya mtafiti Van Jacobson ya 1988, zilichukulia kwamba pakiti, yaani kipande cha data, ikipotea, njia imejaa. Basi punguza kasi. Baharini pakiti hupotea kwa sababu mawimbi ya redio ni dhaifu au yameakisiwa na maji. Njia ni nyeupe kabisa, lakini simu inajivuta.

Ndiyo maana naiheshimu SMS, iliyoanza kutumwa 1992. Herufi 160 tu, lakini simu isipopatikana, ujumbe hukaa kwenye kituo cha mtandao ukisubiri iwashwe au irudi karibu na mnara, mpaka muda wake uishe. Tahadhari ya upepo ipite huko, na iandikwe saa ilipotolewa, maana onyo la jana likisomwa leo linaweza kumpoteza mtu.

Programu nayo ijifunze kusubiri. Ihifadhi kwanza ndani ya simu, itume mtandao ukirudi, na kila taarifa iwe na namba yake ili seva ikiipokea mara mbili isiihesabu mara mbili. Hili kwangu si pambo la toleo la pili. Bila hilo kazi haijaanza.

Ndugu zangu mnaojenga, kabla ya uzinduzi wa hotelini, iwekeni kwenye simu ya bei ya chini. Tokeni nayo usiku na wavuvi wa dagaa mpaka mtandao upotee, andikeni mzigo wote, mrudi soko la samaki la Deep Sea mjini Tanga, kisha mtazame mnadani imefika taarifa moja, mbili, au hakuna.