Moculescu hakumsaliti mtu

Mei 2018, Berlin Recycling Volleys walitwaa ubingwa wa mpira wa wavu wa Ujerumani kwa wanaume baada ya kuishinda VfB Friedrichshafen mechi tatu kwa mbili kwenye fainali. Kocha wa Berlin alikuwa Stelian Moculescu, aliyezaliwa 1950. Huyu ndiye aliyekaa Friedrichshafen kuanzia 1997 hadi 2016 na kuipa klabu hiyo mataji yake yote ya ligi, 13 kwa jumla. Hebu fikiria kocha aliyeipa Simba ubingwa mara 13 anastaafu, anapumzika kidogo, halafu anarudi kuifundisha Yanga na kuinyima Simba kombe. Kariakoo ingelala kweli siku hiyo?

Wapo wanaomwita msaliti kwa sababu hiyo. Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi naona alifanya sawa. Naona pia kwamba ukiisoma safari yake tangu mwanzo, uamuzi ule wa 2018 haukupaswa kumshangaza mtu. Moculescu alikuwa ameshahama kambi mara moja, tena katika mazingira ambayo gharama yake ilikuwa kubwa mno kuliko kuzomewa ukumbini.

Alizaliwa Brașov, Romania, na mwaka 1972 alikwenda Munich kwenye Olimpiki akiwa mchezaji wa timu ya taifa ya Romania. Wengi tunaikumbuka michezo ile kwa shambulio lililowaua Waisraeli 11. Kwenye wavu, Japan walichukua dhahabu, Ujerumani Mashariki fedha, Muungano wa Kisovieti shaba. Romania walimaliza wa tano, nafasi ya heshima kabisa. Ujerumani Magharibi, waliokuwa wenyeji, walimaliza wa 11 kati ya timu 12. Michezo ilipokwisha wenzake walirudi nyumbani, yeye akabaki.

Tuelewane hapa. Romania ya Nicolae Ceaușescu haikuwa nchi ambayo mtu anaondoka anapojisikia, na kutoka bila ruhusa lilikuwa kosa la jinai. Mwanamichezo aliyebaki ng'ambo hakujua ni lini angeiona tena nchi yake, na waliobaki nyumbani wangeweza kuulizwa maswali kwa niaba yake. Kijana wa miaka 22 aliyekuwa tayari na nafasi kwenye timu ya tano duniani aliiacha na kuanza upya katika nchi ambayo timu yake ilikuwa karibu na mkia. Kimichezo peke yake, hesabu hiyo haiingii akilini. Ndiyo maana huwa nacheka mtu anaponiambia Moculescu ni mtu wa kufuata upepo.

Aliendelea kucheza Ujerumani Magharibi, kisha akaingia kwenye ukocha. Alipita klabu kadhaa, ikiwemo ASV Dachau, na mwishoni mwa miaka ya 1980 alishika pia timu ya taifa ya Ujerumani Magharibi. Sehemu hii ya safari naipita haraka kwa sababu utamu wenyewe uko ziwani.

Friedrichshafen ni mji wa watu kama 60,000 kando ya Ziwa Bodensee, ng'ambo ukitazama unaiona Uswisi. Unajulikana kwa ndege za Zeppelin na kwa ZF, kiwanda cha gia za magari. Hapo ndipo alipotua 1997. Msimu wa kwanza, ubingwa. Ukafuata wa 1999, 2000, 2001 na 2002, mfululizo. Berlin waliingilia kati 2003 na 2004, kisha Friedrichshafen wakarudi na kuchukua saba mfululizo, kuanzia 2005 hadi 2011. Cha mwisho kilikuwa cha 2015.

Kuna jambo la kiufundi ambalo watu hulisahau wanapohesabu vikombe hivyo. Mchezo aliojifunza Moculescu akiwa mchezaji na mchezo aliofundisha Friedrichshafen ni kama vitu viwili tofauti. Enzi zake, timu ilipata pointi pale tu ilipokuwa yenyewe imeanzisha mpira; ukishinda mpira ulioanzishwa na mpinzani, ulichopata ni haki ya kuanzisha, basi. Seti ilikwisha kwa pointi 15, na ungeweza kukaa ukumbini dakika nyingi ubao wa matokeo ukiwa palepale. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sheria zikabadilishwa: kila mpira ukawa pointi, seti ikawa ya 25, na akaja libero, yule mchezaji wa jezi ya rangi tofauti ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira nyuma. Ghafla kosa la kuanzisha mpira likawa zawadi ya pointi kwa mpinzani. Timu ndefu isiyojua kupokea ikakosa mahali pa kujificha. Nidhamu ya mapokezi ikapanda bei.

Mabadiliko hayo yaliwaacha njiani makocha wengi waliokuwa wakifundisha kwa kukumbuka walivyocheza wao. Yeye alikuwa bingwa kabla ya mabadiliko, wakati wa mabadiliko na baada yake. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mkubwa kuliko hata kombe la Ulaya kwamba alikuwa kocha kweli, siyo mchezaji wa zamani aliyepewa filimbi. Huku kwetu bado tuna tabia ya kumkabidhi timu mtu kwa sababu alikuwa anapiga mashuti ya kutisha mwaka fulani. Alikuwa anapiga, sawa. Anaweza kumfundisha asiyejua kupiga?

Haya, kombe la Ulaya. Mwaka 2007 hatua ya mwisho ya Champions League ilichezwa Moscow. Friedrichshafen waliifunga Tours ya Ufaransa seti 3-1 na kuwa bingwa. SC Leipzig ya Ujerumani Mashariki iliwahi kuchukua ubingwa wa klabu za Ulaya mwaka 1964, lakini tangu mashindano yaitwe Champions League hakuna klabu ya Kijerumani ya wanaume iliyokuwa imefika hapo. Msimu huohuo walichukua pia ligi na kombe la nyumbani. Mchezaji bora wa fainali zile alikuwa Jochen Schöps, mshambuliaji aliyekuwa na miaka 23 tu, aliyekulia mikononi mwa klabu hiyo. Klabu za Italia na Urusi zilikuwa na uwezo wa kununua mchezaji yeyote zimtakaye. Mji wa gia ukachukua kombe ukiwa na kijana wa kufugwa nyumbani.

Baada ya hapo Schöps alinunuliwa na Warusi, na hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya pale. Georg Grozer, mzaliwa wa Budapest, naye alipita Friedrichshafen kabla ya kwenda Poland na Urusi. Ujerumani ilipochukua shaba kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia ya 2014, kocha alikuwa Mbelgiji Vital Heynen, na sifa alizopata alistahili. Lakini Schöps na Grozer wote wawili walikuwa kwenye kikosi kile. Wakati mwingine shamba huvunwa na mtu asiyelilima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikubaliani naye, maana sitaki ionekane namwimbia mashairi ya sifa. Kuanzia 1999 hadi 2008 Moculescu alikuwa kocha wa Friedrichshafen na wa timu ya taifa kwa wakati mmoja. Miaka kama tisa, kofia mbili. Kwenye wavu jambo hili si la ajabu kama lilivyo kwenye soka, kwa sababu timu ya taifa hufanya kazi zaidi majira ya kiangazi, ligi ikiwa imefungwa. Hata hivyo silipendi. Kocha wa taifa anapokuwa pia kocha wa klabu inayotawala ligi, mchezaji wa Berlin akiachwa kwenye kikosi cha taifa atajiuliza, na hana wa kumjibu. Kijana mwenye kipaji akichagua klabu ya kwenda, atachagua ile anayokaa mwenye ufunguo wa timu ya taifa. Simtuhumu kwamba alipendelea. Ninachosema ni kwamba kiti chenyewe kilikuwa kibaya, hata angekikalia malaika.

Na bado, kiti hicho kibaya ndicho kilichozaa jambo ninalolipenda kuliko yote katika maisha yake ya michezo. Mwaka 2008 Ujerumani ilifuzu Olimpiki ya Beijing. Kwa wanaume wa Ujerumani, ya Mashariki, ya Magharibi au iliyoungana, ilikuwa mara ya kwanza tangu Munich 1972. Hebu rudia kuisoma. Olimpiki ya mwisho kwa Wajerumani kucheza wavu wa wanaume ilikuwa ileile ambayo yeye alicheza akiwa na jezi ya Romania, na aliyewarudisha baada ya miaka 36 ni yeye. Kule Beijing hawakuvuka hatua ya makundi. Haidhuru. Baada ya michezo hiyo aliachia timu ya taifa, akaja Raúl Lozano wa Argentina.

Ndiyo maana nikisikia neno "msaliti" juu ya mambo ya 2018 nashindwa kujizuia. Mwaka 2016 alikuwa amestaafu. Hakuihama Friedrichshafen katikati ya msimu, hakuondoka na wachezaji wala hakuvunja mkataba. Klabu ilikuwa imeshampata Heynen na kusonga mbele. Februari 2018 Berlin waliachana na kocha wao na kuhitaji mtu wa kuokoa msimu, wakampigia simu mstaafu wa miaka 67. Yeye alikuwa na kazi mkononi au bustani nyumbani. Alichagua kazi. (Berlin Recycling, kwa wasiofahamu, ni kampuni ya kukusanya taka za kurejelezwa. Klabu kubwa ya mji mkuu wa Ujerumani inabeba jina la watu wa taka na wala haioni haya. Hilo nalo nalipenda.)

Tena Friedrichshafen ya msimu ule haikuwa timu ya kuonewa huruma. Ilikuwa na Heynen, kocha ambaye miezi michache baadaye aliipa Poland ubingwa wa dunia. Moculescu hakumshinda mjane. Alimshinda kocha aliyekuwa kwenye kilele chake, kwa kikosi ambacho hakukisajili, katika miezi isiyozidi minne. Kisha akampisha Mfaransa Cédric Énard na kuondoka zake.

Shabiki wa Friedrichshafen ana haki ya kununa. Hasira ya shabiki haihitaji hoja. Ila akimaliza kununa aende kutazama orodha ya mataji ya ligi ya klabu yake, kutoka 1998 hadi 2015, na anioneshe hata moja ambalo mzee huyu hakulisimamia.