Ruaha Mkuu: ng'ombe waliondoka, mto haukurudi

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 Mto Ruaha Mkuu ungekuwa unatiririka mwaka mzima. Mto huo ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kiangazi cha 1993, na tangu hapo kukauka kumekuwa jambo la kawaida, viboko wakisongamana kwenye madimbwi yanayosalia. Ili kuunusuru, wafugaji na mifugo yao waliondolewa bonde la Usangu, ambako mto hupita kabla ya kuingia hifadhini, mwaka 2006 na 2007, wengi wakielekezwa Lindi, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi, pamoja na ardhioevu ya Ihefu. Ng'ombe waliondoka, mto ukaendelea kukauka.

Hata hivyo, hoja ya wahifadhi kwamba Ihefu ilindwe dhidi ya mifugo si ya kupuuzwa. Ihefu hupokea maji ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera wakati wa mvua, kisha huyaachia taratibu kupitia mwamba wa Ng'iriama, ambao ndio mlango wa kuelekea hifadhini. Maji yakishuka chini ya kimo cha mwamba huo, mto hukatika, hata kama ndani ya Ihefu bado kuna maji. Eneo la namna hiyo linahitaji ulinzi, na makundi makubwa ya mifugo kwenye kingo zake yalikuwa na madhara.

Hoja ya umeme, kwamba maji yanayokosekana Usangu ndiyo yanayosababisha upungufu wa umeme, ndiyo dhaifu, ingawa ndiyo iliyopigiwa kelele zaidi kila mgao ulipoingia. Bwawa la Mtera, la kuzalisha umeme chini zaidi kwenye mto huo, hujazwa na mafuriko ya masika, wala si vijito vya Septemba. Utafiti wa SMUWC, mradi wa usimamizi wa ardhioevu ya Usangu na vyanzo vyake vya maji, uliofanyika kati ya 1998 na 2001, ulionesha kuwa maji yanayokosekana kiangazi ni machache mno kueleza upungufu wa Mtera, na kwamba chanzo kikuu cha kukauka kwa mto ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani. Kwa maneno mengine, ulinzi uliwekwa mahali maji yanapofikia, ilhali yanapotelea juu zaidi.

Yanapotelea kwenye mabanio, yaani vizuizi vya kuchepushia maji ya umwagiliaji. Zamani mkulima wa Usangu alizuia mto kwa miti, mawe na majani. Maji mengi yalipenya, na mafuriko yaliling'oa banio lote. Miradi ya kuboresha skimu za umwagiliaji ikaleta zege na malango ya chuma, na banio la zege huweza kuchukua karibu mto wote pale maji yanapokuwa kidogo. Mpunga huvunwa kuanzia Mei, lakini Agosti lango bado liko wazi. Mtu wa mbali huuita huo uzembe. Ukweli ni kwamba kijiji kilicho mwisho wa mfereji huchota humo maji ya kunywa, ya kufua na ya kufyatulia matofali, na mengi hupotelea njiani kabla ya kufika. Kumwamuru mtu afunge lango bila kumchimbia kisima ni kumkatia maji ya nyumbani.

Hapo ndipo fedha zingefanya kazi. Mradi wa REGROW, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2017 kwa ajili ya utalii na maliasili za kusini, ulifungwa mwaka 2024 kufuatia malalamiko ya wanavijiji kuhusu mateso na kuhamishwa. Visima vya vijiji vya mwisho wa mifereji, na vibali vya maji vinavyotofautisha masika na kiangazi, havihitaji kumhamisha mtu yeyote. Ugumu wake uko kwingine: lango likifungwa kwa mkulima mdogo wa ekari mbili, lifungwe pia kwenye mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, ambayo kila moja lina hekta zipatazo 3,000 za mpunga, na ambayo wenye nayo wanajua njia ya kwenda wizarani.