Dakika Tano Zako, Asubuhi Yangu Nzima

Jumanne iliyopita, kikaoni, mkuu wetu wa idara alimwambia mwenzetu mbele ya watu kumi na mmoja: "Dada, wewe muda wa wenzako huuheshimu." Alikuwa amechelewa dakika 12. Hakujibu. Alivuta kiti, akafungua daftari, akainamisha kichwa, na kikao kikaendelea kana kwamba hakuna mtu aliyevuliwa nguo pale. Mimi nilinyamaza, na ule unyamavu umenikaa rohoni hadi leo.

Maana meza yangu iko jirani na yake, na najua dakika zile zilitoka wapi. Kazi yake ni kulinganisha hesabu: karatasi za malipo upande huu, za benki upande ule, mstari kwa mstari hadi zikubaliane. Ana rula ya plastiki anayoilaza chini ya mstari alipofikia. Kila anapokatizwa huchora kistari cha penseli pembeni, ajue ni wapi pa kurudia kuhakiki. Asubuhi ile, kabla ya saa nne, nilihesabu vistari saba. Saba! Viwili vilitokana na mkuu yuleyule, aliyepita akisema, "Samahani, dakika tano tu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Dakika 12 zinaonekana kwa sababu mlango unafunguka na kila shingo inageuka. Vistari saba havimgeuzi mtu shingo. Tuna daftari la wanaochelewa, hatuna la wanaokatizwa. Kwa mtu ambaye siku yake ni vikao na simu, dakika tano ni dakika tano: anazimega hapa, anaziongeza pale, siku inasonga. Kwa mtu aliyebeba tarakimu chungu nzima kichwani, dakika tano zako zinazimwaga zote sakafuni, na ukishaondoka ndipo anaanza kuziokota moja moja. Wewe umechukua tano, yeye amepoteza nusu saa, na jioni utamuuliza mbona kazi haijaisha.

Wala si udhaifu wake. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihamishwa kwenda kazi nyingine kabla hajaimaliza ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na hiyo mpya huifanya vibaya zaidi. Kwa hiyo hata yule aliyekuja kukatiza hapati alichokifuata. Anapewa jibu la nusu akili, kisha anaondoka akisema huyu dada siku hizi hayuko makini.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward T. Hall, alitofautisha watu wanaoshika jambo moja kwa wakati wake hadi liishe na wale wanaoendesha mambo mengi kwa pamoja, ambao kwao mtu aliyesimama mbele yao ana uzito kuliko saa ya ukutani. Yeye alikuwa akizungumzia jamii nzima nzima, lakini mimi nawaona wote katika chumba kimoja chenye meza sita. Mkuu wetu mwenyewe ni wa kundi la pili akiwa na shida yake mkononi, na wa kundi la kwanza kikao chake kinapofika. Simlaumu kwa kuwa hivyo. Namlaumu kwa kutaka sote tugeuke kila anapogeuka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuchelewa kunaumiza. Watu kumi na mmoja wakikaa bure dakika 12 ni zaidi ya saa mbili za kazi zilizopotea. Nami nimewahi kumngoja mtu hadi nikajiona si kitu mbele yake. Dada angeweza kutuma ujumbe wa maneno matatu. Hilo namwachia.

Kuna na hili la makadirio. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu tasnifu zao zingewachukua siku ngapi. Kwa wastani walisema 34 hivi. Walipoambiwa wakadirie mambo yote yakienda kombo, walisema kama 49. Zikawachukua zaidi ya 55. Hao ni watu waliokuwa wakiikadiria kazi yao wenyewe, wametulia. Sasa wewe unamdaka mtu koridoni, "Hii itaisha lini?", anasema "Ijumaa" ili akupishe, na Ijumaa ile inaandikwa kuwa ahadi.

Wale ambao akili huwachangamka alasiri, na vikao vyote muhimu vimepangwa asubuhi, nao wana kesi yao. Nitawaandikia siku nyingine.

Alhamisi nilimfuata mkuu. Sikumwomba dada asamehewe, wala kwamba kila mtu aje apendavyo. Nilimwomba saa mbili tu, tangu saa mbili hadi saa nne, ambazo mtu mwenye kazi ya hesabu haguswi, na mwenye shida aiandike karatasini aiweke mezani. Nikamweleza habari ya vistari. Alikaa kimya, kisha akaniuliza vyake vilikuwa vingapi. Nikamwambia viwili. Akasema atalifikiria, nami naamini hakuwa ananifukuza.

Lakini Jumanne ile imeshapita. Baada ya kikao nilimkuta dada amesimama mezani pake. Kwa haraka ya kuwahi hakuchora kistari, na mtu aliyekuja kutafuta kalamu alikuwa ameisogeza rula.

"Ulifikia wapi, dada?"

"Sijui tena."

Akazikusanya karatasi, akazipanga upya, akailaza rula chini ya mstari wa kwanza.